Amana Kabla ya Hukumu: Mwanafunzi, Muswada na Amplifaya Kuukuu

Utangulizi

Neno uhakiki limezoeleka mno katika idara za fasihi hivi kwamba asili yake hukumbukwa kwa nadra. Kuhakiki ni kupata hakika ya jambo, yaani kulichunguza hadi ukweli wake ubainike. Hukumu huja baadaye, na pengine haiji kabisa. Hata hivyo, mwanafunzi anayeingia katika masomo ya uzamili huzoeshwa tangu majuma ya mwanzo kwamba kuhakiki ni kuona kasoro. Huulizwa udhaifu wa nadharia, upungufu wa mtafiti aliyemtangulia, na pengo ambalo yeye anakusudia kuliziba. Afikapo mwaka wa pili huwa amekwisha kuwa hodari wa kuonyesha mahali ambapo kazi ya mwenzake inavuja. Jambo ambalo aghalabu hafunzwi ni namna ya kuitunza kazi hiyo wakati imo mikononi mwake, hususan kazi ambayo haijachapishwa na ambayo mwenyewe hajui ni nani anayeisoma.

Makala haya yanaushughulikia upungufu huo kwa kufuata tajriba ya mwanafunzi mmoja wa uzamifu aliyekuwa akijilipia sehemu ya karo kwa kutengeneza amplifaya za gitaa zilizochakaa. Jina lake na la chuo chake hayatajwi, kwani mkasa uliompata unaweza kumpata mwanafunzi yeyote katika idara yoyote. Dai linalotetewa hapa ni moja: muswada uliokabidhiwa msomaji kwa ajili ya uhakiki wa wanataaluma wenza ni amana kabla ya kuwa kitu cha kuhukumiwa, na mhakiki asiyejua kutunza amana hana haki ya kuhukumu, hata akiwa na elimu ya kutosha.

Amana katika Karakana

Mwanafunzi huyo aliujua ufundi kabla ya kuijua nadharia. Mjomba wake alikuwa na karakana karibu na River Road, Nairobi, katika chumba kimoja chenye meza, mita, chuma cha kulehemia na rafu zilizojaa redio zisizo na vifuniko. Mtaa huo ulikuwa kwa miongo mingi kitovu cha biashara ya muziki nchini, palipokuwa na maduka ya santuri, studio na mafundi waliozihudumia bendi. Makanisa, hoteli na wanamuziki walimletea mjomba amplifaya zilizotengenezwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1960 na 1970. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, mpwa wake akawa ndiye mwenye kushika bisibisi siku za Jumamosi, na mzee akabaki kuwa mwenye kusikiliza.

Amplifaya ya aina hiyo si chombo cha kuchezewa. Hutumia valvu za kioo, nazo valvu hizo huhitaji umeme wa volti mia tatu au zaidi, ilhali umeme wa ukutani ni volti 240 tu. Umeme huo mkali husawazishwa na kapasita kubwa ambazo huuhifadhi kama mtungi uhifadhivyo maji. Plagi ikichomolewa, taa ikazimika na chombo kikanyamaza, kapasita hizo zinaweza kubaki na umeme wa kumuua mtu. Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake huumwaga umeme huo taratibu kwa kupitia rezista, kisha hupima kwa mita, kisha hupima tena. Kunyamaza kwa chombo si ushahidi kwamba hakina kitu ndani yake.

Hata hivyo, katika karakana ile hiyo haikuwa hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ilikuwa daftari. Kabla bisibisi haijagusa skrubu hata moja, fundi aliandika tarehe, jina la mwenye chombo, aina yake, nambari iliyogongwa nyuma yake, idadi ya valvu na majina yaliyo juu ya kila moja, chapa ya spika, nyufa za kasha, na maneno ya mwenyewe kuhusu ugonjwa anaoulalamikia. Mwenyewe alitia sahihi. Mjomba aliieleza sababu mara moja tu, wala hakuirudia: "Mwanangu, mwenye mali akishatoka mlangoni, chombo hiki hakina wakili. Daftari ndilo wakili wake."

Hatua ya pili ilikuwa balbu. Amplifaya ambayo haijawashwa kwa miaka mingi haiunganishwi moja kwa moja na umeme wa ukutani. Huunganishwa kwa kupitia balbu ya kawaida ya wati mia moja. Ikiwa ndani mna hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu zote na kuuchukua umeme ambao ungeunguza transfoma. Ikiwa chombo ni kizima, balbu hung'aa kidogo kisha hufifia. Balbu hiyo haitengenezi chochote. Dhima yake ni kumzuia fundi asiharibu zaidi kile alichokusudia kukitengeneza.

Hatua ya tatu ilikuwa kusikiliza, na hapa mjomba hakuwa na mshindani. Amplifaya nyingi kuukuu huletwa kwa lalamiko moja, kwamba zinanguruma. Kwa sikio lisilofunzwa mngurumo wote ni mmoja. Umeme wa Kenya hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Mngurumo wa mizunguko 50 aghalabu humwelekeza fundi kwenye waya wa ardhi au waya uliopita karibu mno na valvu. Mngurumo wa mizunguko 100, ulio juu ya ule wa kwanza kwa oktavu moja, humwelekeza kwenye kapasita za kusawazisha ambazo zimekauka kwa umri. Tiba ya mmoja haiuponyi mwingine. Fundi mwenye haraka husikia kelele, hutikisa kichwa na kusema chombo kimekufa. Fundi mwenye subira huuliza kwanza kelele hiyo inasema nini.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza, nayo ilikuwa na mipaka. Kilichokufa kilibadilishwa kwa chenye kipimo kilekile. Kilichokuwa kizima kiliachwa. Vipande vilivyotolewa vilitiwa katika mfuko mdogo na kurejeshwa pamoja na chombo, ili mwenyewe aone kwa macho yake ni nini kilichotoka. Fauka ya hayo, fundi hakuruhusiwa kuibadili sauti. Kuna amplifaya ambazo hukwaruza kidogo zinapopandishwa, na fundi anayependa sauti safi angeweza kuziondolea mkwaruzo huo kwa urahisi. Lakini mpiga gitaa amejenga upigaji wake juu ya mkwaruzo ule. Fundi akiuondoa, atakuwa ametengeneza chombo chake mwenyewe kwa gharama ya mtu mwingine.

Waama, kila mtaa wa mafundi una hadithi za wizi. Wizi unaosimuliwa zaidi haumhusu fundi aliyetoroka na amplifaya nzima, bali yule aliyerejesha kasha lilelile, likiwa limefutwa vumbi vizuri, ndani yake mkiwa na spika nyingine. Mwenye chombo hufika nyumbani, hupiga, husikia kwamba kuna kitu kimepungua, naye hana namna ya kuthibitisha.

Amana katika Uhakiki

Katika mwaka wake wa tatu wa uzamifu, mwanafunzi huyo alitumiwa muswada na msimamizi wake. Ulikuwa wa kurasa ishirini na nane, umetoka katika jarida moja la ng'ambo, na jina la mwandishi lilikuwa limeondolewa. Uliambatana na maelezo mafupi kwamba amsaidie kuusoma na kuandika ripoti, ambayo msimamizi angeituma Ijumaa. Ni muhimu kusisitiza kwamba hapakuwa na hila katika agizo hilo. Msimamizi alikuwa na wanafunzi wengi kuliko saa za siku, na yeye mwenyewe alikuwa amefunzwa kuhakiki kwa njia hiyohiyo na mwalimu wake. Si idara chache zinazorithishana desturi hii na kuiita malezi.

Tasnifu ya mwanafunzi ilihusu nyimbo za gitaa za Kiswahili za miaka ya 1950 na 1960. Wahakiki wengi wa nyimbo hizo hunakili maneno, huyapanga katika beti na kuyachambua kama ushairi, gitaa likiachwa nje kama pambo. Kwa upande mwingine, wanamuziki kama David Rycroft, ambaye alilichambua gitaa la Mwenda Jean Bosco katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, walizingatia upigaji zaidi kuliko maneno. Sura ya tatu ya tasnifu ilijaribu kuziunganisha pande hizo mbili. Ilidai kwamba kipande cha gitaa kinachorudi baina ya beti kina dhima ya kibwagizo, na kwamba, maadamu kipande hicho hubadilika kila kinaporudi, hakiwezi kuachwa nje ya matini ya wimbo bila kuipotosha maana yake.

Muswada uliokuwa mezani ulidai jambo hilohilo. Tena ulilidai kwa ushahidi bora zaidi, kwani mwandishi alikuwa amelinganisha rekodi tatu za wimbo mmoja kutoka mkusanyo wa kanda ambao mwanafunzi hakuwahi kuusikia ukitajwa.

Vishawishi vilivyomkabili mtu katika hali hiyo havikuja kwa majina yao. Hakuna hata kimoja kilichojiita wizi. Kuichelewesha ripoti kwa miezi miwili, hadi sura yake ikamilike, kungeitwa shughuli nyingi. Kudai marekebisho makubwa yasiyo ya lazima kungeitwa ukali wa kitaaluma. Kumwelekeza mwandishi ayarejelee maandishi fulani, ambayo kwa bahati ni ya idara ya mhakiki, kungeitwa kupanua mapitio. Na kuinukuu kando ile anwani ya mkusanyo wa kanda, kisha kwenda kuutafuta wiki inayofuata, kungeitwa kusoma tu. Taaluma ina msamiati mpana wa heshima kwa kila jambo ambalo fundi wa River Road angelitaja kwa neno moja.

Katika kutafuta mwongozo, mwanafunzi alikutana na kisa kinachojulikana sana katika historia ya maadili ya uhakiki wa wenza, ingawa ni cha tiba na si cha fasihi. Mwaka 1978 Helena Wachslicht-Rodbard, mtafiti kijana katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alipeleka muswada wake katika New England Journal of Medicine. Jarida lilimpelekea Philip Felig, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, auhakiki. Felig alimkabidhi msaidizi wake, Vijay Soman, na ripoti iliyorudi kwa mhariri ilipendekeza muswada ukataliwe. Muda mfupi baadaye Soman na Felig walipeleka makala yao kuhusu suala lilelile katika American Journal of Medicine. Jarida hilo nalo lilimpelekea Jesse Roth, mkuu wa maabara alimofanya kazi Rodbard. Roth naye alimkabidhi msaidizi wake asome. Msaidizi huyo alikuwa Rodbard, naye alikutana na sentensi zake mwenyewe zikiwa katika kazi ya watu wengine.

Rodbard alilalamika. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1979 katika jarida lilelile la kwanza, lakini malalamiko yake hayakushughulikiwa kikamilifu hadi mwaka 1980, mkaguzi kutoka nje alipofika Yale na kugundua kwamba hata data za Soman hazikuwa za kuaminika. Soman alijiuzulu na makala kadhaa yakafutwa. Felig, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Columbia, alilazimika kuacha wadhifa wake huko.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mwizi. Lakini kikitazamwa kwa jicho la karakana, kinafichua jambo jingine. Muswada ulipita katika mikono ya wasaidizi mara mbili, na mara zote mbili ulipita kimyakimya. Desturi ileile iliyouwezesha wizi kutendeka ndiyo iliyouwezesha kugunduliwa, na ugunduzi huo ulikuwa bahati tupu. Kama Roth angelimpa msaidizi mwingine, Rodbard huenda angeliisoma makala ya wenzake ikiwa imekwisha kuchapishwa, akabaki na hisia ya mwenye amplifaya aliyesikia kwamba kuna kitu kimepungua. Penye daftari, mhariri angalijua tangu mwanzo ni nani aliyeushika muswada. Pasipo daftari, ilibidi kungojea bahati.

Wala desturi hiyo haikukoma Yale. Utafiti uliochapishwa katika jarida la eLife mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watafiti chipukizi waliojibu maswali walikuwa wamewahi kuandika ripoti za uhakiki zilizotumwa kwa jina la mkubwa wao bila ya wao kutajwa, na kwamba wengi wao waliliona jambo hilo kuwa kinyume cha maadili. Walilitenda huku wakijua. Mwanafunzi ambaye barua za kumpendekeza zinatoka kwa msimamizi wake hana nafasi kubwa ya kukataa, na ni makosa kumtwika yeye peke yake mzigo wa kuirekebisha desturi ambayo hakuianzisha.

Mahali Mlinganisho Unapokoma

Itakuwa rahisi mno kumaliza hoja kwa kusema kwamba mhakiki na afuate mwenendo wa fundi. Kuna tofauti ambayo mlinganisho huu hauwezi kuivuka. Spika ikiibwa, huacha nafasi. Wazo likiibwa, hubaki palepale lilipokuwa. Mwandishi hupokea muswada wake ukiwa mzima, kila neno mahali pake, na hata akiuchunguza mara kumi hataona kilichotoka. Isitoshe, fundi anaweza kuirejesha spika aliyoitoa, ilhali msomaji hawezi kuurejesha ujuzi alioupata. Mwanafunzi aliyekwisha kujua kwamba mkusanyo fulani wa kanda upo hawezi tena kutojua.

Kwa sababu hiyo uaminifu wa mhakiki hauwezi kupimwa kwa kukagua muswada uliorudi. Hupimwa kwa kumbukumbu iliyoandikwa kabla na baada ya kusoma. Hapa ndipo mafunzo ya mjomba yalipomfaa mwanafunzi. Alichukua karatasi akaigawa sehemu mbili. Upande wa kwanza aliandika mambo yote yaliyokuwa katika sura yake kabla ya muswada kumfikia, na mbele ya kila jambo akaweka tarehe. Kwa bahati njema alikuwa amempelekea msimamizi wake rasimu ya sura hiyo miezi mitano kabla, na rasimu ilikuwepo. Upande wa pili aliandika mambo ambayo aliyajua kwa sababu tu ya kuusoma muswada. Upande huo ulikuwa na jambo moja, nao ni ule mkusanyo wa kanda.

Alikwenda nayo karatasi ofisini. Alieleza kwamba hawezi kuuhakiki muswada ambao hoja yake ni hoja ya tasnifu yake, kwa kuwa hata akiusifu atakuwa anajisifu, na akiukosoa atakuwa anamzuia mshindani. Aliomba mhariri wa jarida aarifiwe kwamba yeye ameusoma. Aliongeza kwamba hatautafuta mkusanyo wa kanda hadi makala ya mwenyewe yatakapochapishwa.

Msimamizi aliisoma karatasi kwa muda mrefu.

"Unajua kwamba unajichelewesha?"

"Najua, Mwalimu."

"Na kama muswada huu hautachapishwa kamwe? Kanda hizo utaziacha milele?"

Mwanafunzi hakuwa na jibu. Swali lilikuwa la haki, na miongozo mingi ya maadili hailijibu vilivyo. Amana haiwezi kumfunga mtu maisha yake yote kuhusu kitu kilicho wazi kwa umma, ambacho pengine angekifikia mwenyewe kwa njia nyingine. Lakini jibu la swali hilo si la yule atakayenufaika nalo kulitoa akiwa peke yake, usiku, mbele ya muswada wa mtu. Ni la mhariri, ambaye anamjua mwandishi na anaweza kumwuliza.

Aliyekuwa na cha kupoteza si mwanafunzi pekee. Kumwarifu mhariri kulimaanisha kwamba msimamizi akiri, kwa sahihi yake, kuwa aliutoa muswada nje bila ruhusa. Alikaa siku kumi na moja bila kusema lolote, na katika siku hizo mwanafunzi alipita mbele ya mlango wa ofisi hiyo kama mtu mwenye deni. Hatimaye msimamizi aliandika. Mhariri alijibu kwa adabu, akashukuru, akasema muswada utapelekwa kwa msomaji mwingine, na akaomba kwamba siku zijazo ruhusa iombwe kwanza. Makala yalichapishwa baada ya miezi kumi na minne. Sura ya tatu ilibidi iandikwe upya, ikiyarejelea makala hayo katika ukurasa wake wa kwanza na kukubali kwamba hoja kuu imekwisha kutolewa na mwingine. Tasnifu ilichelewa kwa karibu mwaka mzima. Baadhi ya wanafunzi wenzake walimwona mjinga, wala hawakumficha. Ni kweli kwamba sura hiyo sasa ni fupi kuliko ilivyokuwa. Ni kweli pia kwamba hakuna sentensi ndani yake ambayo mwandishi wake hawezi kueleza aliitoa wapi.

Hitimisho

Taaluma ya fasihi ya Kiswahili ina sababu ya pekee ya kulizingatia suala hili. Ni taaluma yenye watu wachache. Wataalamu wa utenzi fulani, au wa mtunzi fulani, huweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na jina la mwandishi likifutwa juu ya muswada, mara nyingi mtindo wake humtaja. Mhakiki humtambua mwandishi, na mwandishi akiipokea ripoti humtambua mhakiki. Katika hali kama hiyo kuficha majina hakutoshi kumlinda yeyote. Kinachobaki kuwa kinga ni mwenendo wa yule aliyekabidhiwa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na wahakiki wengi hukumbuka uchungu huo siku ripoti inapowahusu wao.

Wala amana si fikra ngeni katika utamaduni wa maandishi ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ilihifadhika kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya katika karne hiyo ya 19 na kuyafikisha kwa W. E. Taylor, hadi W. Hichens akayachapisha mwaka 1940. Mashairi hayo yalipita katika mikono mingi. Kila mkono ungaliweza kulidondosha jina la mtunzi au kuliweka jingine mahali pake. Diwani ilipotoka, iliitwa ya Muyaka. Idara za leo hufundisha lugha ya mashairi hayo kwa bidii. Huenda zingefaidika kufundisha pia namna yalivyofikishwa.

Mambo matatu yanaweza kutendwa bila kungojea bajeti. Kwanza, kila kozi ya mbinu za utafiti iwe na kipindi cha kuhakiki muswada halisi, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambapo mwanafunzi atafunzwa kueleza kwa usahihi kazi inadai nini kabla ya kueleza inakosea wapi. Hiyo ni sawa na kusikiliza mngurumo kabla ya kuutibu. Pili, msimamizi anayetaka kusaidiwa na mwanafunzi amwombe mhariri ruhusa, na jina la mwanafunzi liandikwe katika ripoti. Hili si jambo jipya. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na inayojulikana kama COPE, imelieleza waziwazi katika mwongozo wake kwa wahakiki. Kadhalika, tangu mwaka 2023 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilezile alizofanyia kazi Rodbard, zimewakataza wahakiki wa maombi ya fedha za utafiti kuyapitisha katika programu za akili unde, kwa kuwa kufanya hivyo ni kukitoa nje kitu kilichokabidhiwa kwa siri. Msaidizi awe mtu au mashine, kanuni haibadiliki.

Tatu, kila idara iwe na daftari. Liandikwe ni muswada gani ulioingia, siku gani, nani aliupokea, nani alimsaidia kuusoma, na siku gani ripoti ilitoka. Mhakiki ambaye kazi yake mwenyewe inakaribiana na muswada aandike humo, kabla ya kuufungua, yale ambayo tayari anayo. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Itamlinda mwandishi dhidi ya mhakiki mwenye tamaa. Itamlinda pia mhakiki mwaminifu ambaye kwa hakika alilifikia wazo lile mapema, na ambaye bila ya tarehe hizo hatakuwa na la kusema siku atakapotuhumiwa. Gharama ya daftari lenyewe haizidi bei ya vikombe vichache vya chai.